Faili Isiyo na Jina

Sihesabu. Kidole chenyewe kinaijua njia:
Kontroli, kisha S,
baada ya nukta, baada ya mkato,
hata baada ya kunywa chai bila kuandika kitu.
Adriko husema ninapapasa mashine
kama mtu anayekagua mfuko wake kila hatua sokoni.
Acha acheke.
Hakuwepo mwezi ule wa tatu
umeme wa Arua ulipokatika saa tisa na robo
ukaondoka na vijiji kumi na viwili vya wafuga nyuki,
mizinga yao, kilo zao, madeni,
vyote nilivyoviandika tangu asubuhi
nisiviambie vikae.
Skrini ikawa nyeusi kama tako la sufuria.
Nikajiona humo, mdomo wazi.

Tangu siku hiyo nafunga kazi
kama mama anavyofunga nyumba kule Oli:
komeo la juu, komeo la chini,
anausukuma mlango kwa kiganja, anakwenda kulala,
anarudi, anausukuma tena.
Nasubiri kile kinukta cheupe kando ya jina la faili
kizimike, ndipo nafunga.
Na jina lazima liwepo.
Mama alipata mwaka wa dhiki
akauhifadhi kwangu: Candiru.
Kila anayeniita anaufungua mwaka ule,
hata kama hajui.

Adriko hafungi.
Vinukta vyeupe vimejaa juu ya skrini yake
kama kumbikumbi walioona taa.
Isiyo na jina moja, isiyo na jina mbili,
hadi thelathini na moja.
Jioni anafunika kompyuta tu, anaenda zake.
"Akili yangu imo humu," husema,
"ukifunga umenipunguza."

Ijumaa alikuwa Koboko, harusini kwa binamu.
Bi Alezuyo akatoa kichwa mlangoni:
fundi wa nyaya amefika, zimeni zote.
Nikakaa kwenye kiti cha Adriko, kinayumba kushoto.
Bei za rangi ya ukuta: nikahifadhi.
Nambari ya simu isiyo na mwenyewe: nikahifadhi.
Nusu ya hesabu ya asali, ina kosa mstari wa nne,
nikaliacha kosa lake, nikahifadhi.
Majina niliyoyatoa yalikuwa ya kivivu, lakini majina.
Kisha ya kumi na tisa:

Baba,

Basi.
Herufi nne na mkato,
na kielekezi kinapepesa mbele yake
sijui tangu wiki gani.

Mashine ikauliza inavyouliza siku zote:
Hifadhi? Usihifadhi? Ghairi?
Mimi ninayehifadhi hata ukimya wa chai
nikakosa la kubonyeza.
Niiite nini? Barua? Baba?
Mtoto wa mtu hupewi jina lake kwa sababu umekalia kiti.
Kuitupa nayo, eti ni herufi nne,
mkono ulikataa.

Nikabonyeza Ghairi.
Pengine ni mara ya kwanza maishani.

Fundi akashusha swichi kubwa ukutani.
Betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia,
mlio, kimya, mlio:
dakika arobaini, ilisema, na betri ile ni mwongo.
Simu ya Adriko haipatikani.
Haipatikani.
Kule ngoma, huku mimi na mkato wake.

Alipiga mwenyewe, betri ikiwa imeanza kulia bila kupumzika.
"Ya kumi na tisa," nikasema.
Sikumaliza.
Nilisikia watu nyuma yake wakipiga vigelegele,
kisha mlango ukifungwa, kisha yeye akipumua.
"Iite Bado," akasema.
"Bado nini?"
"Bado, Candiru. Iandike hivyo hivyo."

Nikaandika. Kinukta kikazimika.
Nikabonyeza tena.
Na tena, gizani,
hakuna kilichobadilika,
nilibonyeza tu.